Mpango wa Ukuta

Tangu aanze kusoma uchanganuzi wa tabia kwa njia ya mtandao, Gakwaya alikuwa amepoteza maneno mengi aliyokuwa akiyatumia bila shida. Hakuweza tena kusema kwamba mtu amekasirika. Kukasirika hakuonekani, vitabu vilimwambia. Kinachoonekana ni mtu kupandisha sauti, kukunja uso, kubamiza sufuria. Kwa hiyo jioni moja mkewe, Kabagwira, alipomuuliza kama haoni kwamba amekasirika, alifikiri kidogo kwa uaminifu wote, akajibu kwamba sufuria ameiona ikibamizwa, ila kuhusu sababu yake bado hajapata ushahidi wa kutosha. Ushahidi aliupata muda si mrefu.

Alikuwa mtu mzima, umri umeshavuka arobaini, mwalimu katika kituo kidogo cha Remera kinachofundisha watoto waliochelewa kusema au wasiosema kabisa. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wa Kinyarwanda, akahamia Kigali akiwa kijana. Mambo mengi alijifunza peke yake: kompyuta, Kiingereza cha vitabuni, hata namna ya kukaa sakafuni na mtoto bila kumharakisha. Sasa alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika chuo cha ng'ambo ambacho hata lango lake hakuwahi kuliona. Kila alfajiri, kabla ya kazi, alifungua kompyuta, akavaa shati lenye kola juu ya kaptula ya kulalia, akasikiliza mihadhara. Shahada peke yake haikutosha. Baada yake kulikuwa na mazoezi ya kazi chini ya msimamizi, kisha mtihani wa cheti cha kitaaluma, na hapo ndipo mtu anapoitwa mchanganuzi wa tabia bila kujipachika jina mwenyewe.

Kama kila mwanafunzi mwenye bidii, alichosoma asubuhi alitaka kukijaribu jioni, na jioni mtu wa karibu alikuwa mkewe. Kitabu kilisema sifa itolewe papo hapo na itaje tendo lenyewe. Gakwaya akaingia jikoni, akasubiri, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Nimependa ulivyofunika chungu."

Kabagwira, ambaye mchana kutwa alikuwa akigawa dawa katika duka la dawa na kusikiliza kikohozi cha watu, alimgeukia.

"Baba Cyusa," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mimi si mwanafunzi wako. Ukinisifu tena kwa kufunika chungu, utakifunika mwenyewe."

Gakwaya alirudi sebuleni kuwaza. Kitu kinachofanya tabia irudiwe vitabu vinakiita kiimarishi. Na kwa kuwa baada ya sifa ile chungu kilikaa wazi jioni nzima, ilikuwa dhahiri kwamba sifa zake, nyumbani kwake, si kiimarishi. Jambo hilo lilimsikitisha zaidi ya alivyotarajia.

Msimamizi wake wa mazoezi aliitwa Akoth, mama wa Kisumu, ambaye alikuwa na cheti hicho kwa miaka mingi na aliwasimamia wanafunzi kupitia skrini. Alikuwa na sauti ya taratibu na tabia ya kunyamaza kabla ya kujibu. Gakwaya alikuwa ameshajua kwamba ukimya mfupi wa Akoth maana yake ni vizuri, na ukimya mrefu maana yake ni rudia. Alikuwa amebakiza hatua moja tu: aandike mpango wake mwenyewe kwa ajili ya mtoto mmoja, autekeleze nyumbani kwa mtoto huyo, kisha Akoth atazame kipindi kimoja kikiendelea na kutia sahihi. Bila sahihi hiyo hakuna mtihani. Na mtihani uliokuwa ukija, Gakwaya alikuwa ameshautangazia ulimwengu: kituoni, kwa wakwe zake wa Gikondo, na kanisani, ambako alisimama wakati wa shuhuda akaomba aombewe. Mtu aliyesoma kurasa mia moja juu ya kuahirisha sifa hadi tendo litokee, alijipokelea pongezi zake zote kabla ya tendo.

Mtoto mwenyewe aliitwa Kirezi, binti wa miaka sita, mtulivu, asiyesema neno. Aliishi Masaka, pembezoni mwa Kigali, na mama yake, Gahongayire, katika nyumba mpya isiyomalizika vizuri, yenye shamba dogo la maharage na viazi vitamu nyuma. Lengo la mpango lilikuwa jema na rahisi. Kirezi afundishwe kuomba anachotaka kwa kumpa mtu kadi yenye picha: kadi ya ndizi, apewe ndizi, kadi ya maziwa, apewe maziwa. Lakini kabla ya kumfundisha mtoto kuomba, lazima ujue anataka nini, na kwa hilo kuna utaratibu. Unamwekea vitu viwili mbele yake, unaangalia anyooshee mkono kipi.

Gakwaya alipanda pikipiki hadi Masaka akiwa amekumbatia mfuko kama mjomba anayekwenda kwenye sherehe. Ndani mlikuwa na biskuti, karanga, ndizi, mandazi na maziwa ya chokoleti. Alimketisha Kirezi kwenye kigoda, akaketi mbele yake, akaweka simu dirishani irekodi, akapanga biskuti huku na karanga kule. Kirezi alitazama biskuti, akatazama karanga, kisha akageuza uso wake taratibu na kuuelekeza ukutani. Gakwaya akabadilisha: ndizi na mandazi. Ukutani. Maziwa ya chokoleti na biskuti. Ukutani tena, na safari hii mtoto alianza kupitisha kidole kwenye nyufa ndogo za plasta.

Mama yake, aliyekuwa amekaa mkekani pembeni, alitabasamu. Gakwaya aliliona tabasamu lile, akaliandika: mzazi ameridhika na huduma.

Wiki iliyofuata alirudi na vitu vya bei zaidi kutoka duka kubwa la Remera. Matokeo yakawa yale yale. Gahongayire alimwambia kwamba Kirezi anakula kila kitu, hana shida ya chakula. Gakwaya aliitikia kwa heshima, kisha akaandika kwamba maelezo ya wazazi mara nyingi hayalingani na uchunguzi wa moja kwa moja. Hilo alilisoma katika sura ya nne na alifurahi kulipatia matumizi.

Mtu mwingine labda angesimama hapo na kujiuliza. Gakwaya alikuwa ameapa kufuata data popote itakapompeleka, na data ilimpeleka ukutani. Alijua watoto wa aina ya Kirezi wanaweza kupenda vitu ambavyo wengine hawavijali: feni inayozunguka, zipu, mwanga unaopita majanini. Kwa nini isiwe ukuta? Akaandika mpango wenye kurasa nyingi. Mtoto atawekewa kitu cha kula mbele yake, na pembeni kadi ya ukuta. Akitoa kadi, chakula kitaondolewa na atageuziwa kigoda ili autazame ukuta kwa raha zake. Akaupiga picha ukuta wa Gahongayire, akaenda kuichapa na kuifunika plastiki katika duka la huduma za kompyuta. Kijana wa duka alimuuliza kwa adabu kama picha haikukosewa, maana hakuna mtu ndani yake. Gakwaya alimjibu kwamba ni ukuta, na ndio wenyewe.

Akoth alipousoma mpango alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba Gakwaya alidhani mtandao umekatika.

"Ukuta," alisema mwishowe.

"Data inasema ukuta, Madam."

"Ndugu Gakwaya, nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimeona mtoto anayependa sauti ya choo. Sijaona wa ukuta."

Gakwaya alimweleza kwa unyenyekevu, ambao ndani yake mlikuwa na kiburi kidogo, kwamba ndiyo maana tunapima badala ya kukisia. Akoth alicheka kidogo, akasema haya, jaribu, tuone.

Na jambo la ajabu ni kwamba mpango ulifanya kazi. Kirezi aliielewa kadi siku ile ile ya kwanza. Gakwaya aliweka biskuti. Mtoto akachukua kadi ya ukuta, akamkabidhi mkononi, akageuka. Ndizi, kadi. Karanga, kadi, tena kwa haraka zaidi. Mtoto ambaye hakuwahi kumwomba mtu yeyote kitu chochote kwa picha sasa alikuwa anaomba bila kusaidiwa. Grafu ilipanda kama barabara ya kilima cha Rebero. Gakwaya aliiweka kuwa picha ya mbele ya simu yake, mahali palipokuwa na picha ya harusi, na Kabagwira alipoiona alivuta mdomo upande, tendo linaloonekana na kuhesabika.

Akoth naye alikubali. Alisema haelewi, lakini grafu ni grafu. Wakapanga Jumamosi, saa nne asubuhi, atazame kipindi.

Ijumaa alasiri Gakwaya alibaki kituoni peke yake kufanya kazi ya mwisho. Chuo kiliwataka wanafunzi wazitazame upya rekodi zao na kuhesabu tena bila kuangalia hesabu ya mwanzo, ili mtu asijidanganye. Akaifungua rekodi ya kipindi cha karibuni. Biskuti, kadi, ukuta. Hesabu ililingana vizuri kabisa. Alikuwa anataka kufunga alipogundua kwamba rekodi inaendelea. Siku ile alisahau kuizima simu.

Kwenye skrini alijiona akikusanya kadi zake. Gahongayire akaingia na sahani ya viazi vitamu na maharage, mvuke unapanda, na kikombe cha maziwa ya mgando, akamkaribisha. Mtu yule wa kwenye skrini akasema asante, ameshiba kabisa, amekula kabla ya kuja. Gahongayire akamkaribisha tena. Na mtu yule wa kwenye skrini, msomi, akageuza uso wake taratibu na kuuelekeza ukutani.

Pembeni yake, kwenye kigoda, Kirezi alikuwa ameuelekeza uso wake kwenye ukuta ule ule.

Gakwaya aliirudisha nyuma akatazama tena. Walikaa vile, mtu mzima na mtoto, shingo zimepinda upande mmoja, kama watu wawili wanaosikiliza redio moja. Alikumbuka kwamba siku ile hakuwa amekula tangu alfajiri. Alikumbuka pia kwamba alipotoka pale alinunua sambusa barabarani, na kwa kuwa si heshima mtu mzima kutafuna mbele za watu, aliila nyuma ya lori lililoegeshwa, akiwa ameligeuzia mgongo. Kwa miezi yote alikuwa akijiambia kwamba hali chakula kwa wateja kwa sababu maadili ya taaluma yanakataza zawadi. Ukweli ni kwamba angekataa hata kama maadili yangemwamuru ale. Akilini alimwona mama yake, kule Karagwe, akimfinya paja kimya kimya kwa sababu macho yake yalikaa kwenye chungu cha jirani zaidi ya inavyopaswa. Mtoto aliyefundwa hapokei cha kula mkononi mwa mgeni, wala hali huku mgeni anamtazama. Anasema ameshiba. Asiyejua kusema, anageuza uso.

Kirezi hakuwa anaupenda ukuta. Alikuwa anamvumilia mgeni asiye na adabu, aliyekuja nyumbani kwao kila wiki kumsogezea chakula puani na kumkodolea macho aone kama atakula. Na yule mgeni akamtengenezea kadi ya kumsaidia kumkwepa. Bila shaka aliitumia. Nani asingeitumia?

Jioni alimsimulia Kabagwira. Kabagwira alikuwa amesimama, ikabidi aketi. Alicheka hadi akavua miwani akaifuta.

"Yaani umesoma chuo cha ng'ambo," alisema alipopata pumzi, "ili umfundishe mtoto wa Kinyarwanda kukataa chakula."

Gakwaya alisema grafu ilikuwa imepanda sana. Hilo lilimrudisha mkewe kwenye kicheko upya. Kisha Kabagwira akanyamaza, maana alimjua mumewe, akamuuliza kesho atafanya nini. Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kesho Kirezi angetoa kadi ya ukuta kama kawaida, Akoth angeona kile grafu ilichosema, angetia sahihi, na Gakwaya angekaa kwenye mtihani. Hakuna ambaye angejua. Hata kitabuni lingesimama: mtoto kuomba kuondolewa kero ni ombi halali. Lakini akiutupa mpango, ataanza upya, na mtihani wa msimu huu atausikia kwa wenzake. Akakumbuka kanisa zima likiwa limefumba macho kwa ajili yake.

"Sijui," alisema, na Kabagwira hakumsifu wala hakumlaumu, akamwekea chakula.

Jumamosi Gakwaya aliisimamisha simu dirishani Masaka, uso wa Akoth ukiwa kwenye skrini, mdogo kama stempu. Ili msimamizi afuate, walikubaliana wote waseme Kiswahili. Gahongayire alijifunga kitenge kipya. Kirezi alikuwa kwenye kigoda chake, ameshaielekea kazi: uso ukutani tangu mgeni alipopiga hodi.

Gakwaya alikuwa na biskuti mkono mmoja na kadi ya ukuta mkono wa pili. Alizishika zote mbili kwa muda. Kisha akazirudisha mfukoni.

"Madam Akoth, ule mpango niliokutumia, leo sitautumia."

"Ndugu Gakwaya," sauti ya taratibu ilitoka dirishani, "ile grafu ni nzuri kuliko zote nilizosimamia mwaka huu."

"Ni nzuri, Madam. Ni grafu ya mtoto anayenikimbia."

Akamweleza, kwa ufupi, kuhusu viazi vitamu, rekodi na ukuta. Akoth alinyamaza ule ukimya mrefu. Kisha akasema kwamba kwao Kisumu mgeni asipokula, wenyeji hukaa wakijiuliza wamemkosea nini, na kwa hiyo jambo hilo yeye mwenyewe asingeligundua hata angetazama rekodi mwaka mzima. Lakini Gakwaya, aliongeza, alipaswa kuligundua. Gakwaya alisema ndiyo.

"Unajua siwezi kutia sahihi mpango ambao haupo," alisema Akoth. "Utaanza na tathmini mpya. Mtihani huu utakupita."

"Najua."

"Haya. Mimi nipo hadi saa sita. Fanya kazi."

Gakwaya alimgeukia Gahongayire, aliyekuwa akiwasikiliza mmoja baada ya mwingine kama anayetazama watu wakirushiana mpira, na akamuuliza kama ndivyo ilivyo, kwamba Kirezi amefundishwa kukataa. Gahongayire aliinua kidevu. Zamani, alisema, mtoto alikuwa anarukia chakula cha kila mtu, ananyakua kwenye mikono ya wageni.

"Majirani wanasema mimi nimezaa inda nini, mulafi wa tumbo kubwa. Wanacheka mimi. Nikamufundisha, Mwalimu. Miaka miwili. Sasa mugeni akikuja, Kirezi anageuka, anatulia. Hakuna mutu anacheka tena. Nawe ukikuja na biskuti, nikaona Mwalimu anamujaribu. Na yeye anashinda kila siku. Mimi nikafurahi sana."

Kwa hiyo tabasamu lile halikuwa kuridhika na huduma. Lilikuwa la mama anayetazama mtoto wake akifaulu mtihani, wiki baada ya wiki, mbele ya mjaribu mwenye mbinu duni. Gakwaya alimwambia kwamba ni kweli, Kirezi alishinda kila mara, na aliyefeli ni yeye. Alimwambia pia kwamba hataki kumfutia mtoto adabu yake. Anataka tu ajue kuomba kile anachokitaka nyumbani kwake, kwa watu wa kwake. Akamuuliza huwa anaomba vipi wasipokuwepo wageni.

Haombi, alisema Gahongayire. Analia, na yeye anakisia. Saa nyingine anakisia vibaya, na mtoto analia hadi analala.

"Na mgeni akila pamoja nanyi," Gakwaya aliuliza, "bado anakuwa mgeni?"

Gahongayire aliwaza. Akikula, alisema, huyo si mugeni sana.

Kilichofuata Gakwaya hakukisoma katika sura yoyote. Alijua ni maneno gani yanatakiwa, na kwa mtu wa malezi yake yalikuwa mazito kuliko kusimama kanisani. Aliangalia miguu yake. Alikohoa. Alisema jambo kuhusu mvua.

"Mama Kirezi," alisema mwishowe, "nina njaa. Naomba chakula."

Gahongayire aliduwaa. Kwa nukta chache uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwona mwalimu akivua shati sokoni. Kisha akainuka haraka akaenda jikoni, na Gakwaya akabaki na aibu yake na uso mdogo wa Akoth dirishani.

Viazi vitamu vililetwa, na maharage, na jagi la maziwa. Gahongayire akaweka sahani tatu juu ya meza fupi, ya Kirezi katikati. Gakwaya akatoa kadi moja tu, ile ya maziwa, ambayo katika miezi yote haikuwahi kutoka mfukoni, akaiweka karibu na mama. Tayari alikuwa ameshika kalamu na ameinua macho kumtazama mtoto, kama alivyofundishwa, kama alivyojifundisha, kama alivyofanya kwa bidii tangu mwanzo, Gahongayire aliposema polepole:

"Mwalimu, usimuangarie. Ukimuangaria, hawezi."

Akaweka kalamu chini. Akainamisha uso juu ya sahani, akakata kiazi, akakitia mdomoni na kuanza kutafuna mbele za watu, mchana kweupe, na kamera ikiwa wazi hadi Kisumu. Kilikuwa kitamu. Alijaribu kutafuna bila sauti, akakumbuka kwamba labda sauti inafaa, akatafuna na sauti. Hakujua Kirezi anafanya nini. Mtu ambaye ufundi wake wote ni kuangalia alikuwa anaangalia maharage.

Kigoda kilikwaruza sakafu. Kilikwaruza tena, karibu zaidi. Gakwaya alihisi anatazamwa, kwa pembeni, kwa makini sana, labda kwa masikitiko: mgeni anakula kwetu. Aliimeza aibu yake pamoja na maharage na kuendelea. Kijiko kidogo kiligonga sahani ya katikati.

"Madam," alinong'ona bila kuinua kichwa, "anafanya nini?"

"Kula, Gakwaya."

Alikula. Baada ya muda alisikia plastiki ikisugua mbao za meza, kisha pumzi ya Gahongayire ikivutwa ndani na kukaa huko. Maziwa yakamiminwa kwenye kikombe. Yalimiminwa kwa muda mrefu, na hakuna aliyelia.

"Mwalimu," alisema Gahongayire kwa sauti ya chini sana, "amenipa picha ya maziwa. Mimi. Amenipa mimi."

Gakwaya aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameona chochote. Kwa kanuni za chuo chake, tendo ambalo mchunguzi hakuliona haliwezi kuandikwa, na kipindi kile chote kilikuwa nje ya mpango. Kwenye grafu mpya, ambayo ingeanza Jumatatu, hakingekuwa hata nukta. Ingebidi awaambie kituoni, na wakwe, na labda asimame tena kanisani, safari hii na sentensi fupi zaidi. Sahani yake ilikuwa imebaki tupu. Na kwa kuwa alikuwa ameelewa jambo moja angalau, kwamba mgeni akimaliza kula anageuka mgeni tena, aliisogeza mbele kwa mikono miwili, uso wake ukiwa bado chini, akaomba aongezewe.